Chupa Mbili za Fundi Yahya

Fundi Yahya wa Kilwa Kivinje alikuwa na wake wawili na futi moja ya seremala, na amani ya nyumba zake aliitunza kwa futi hiyo. Kitambaa cha sikukuu alikipima kwa futi. Akiletewa halua na mteja, aliiweka juu ya meza ya kazi, akapiga mstari katikati kwa ncha ya msumari, akakata mafungu mawili, na kilichozidi upande mmoja alikila mwenyewe ili asimdhulumu mtu. Watu walimcheka. Naye alicheka nao, lakini futi hakuiweka chini.

Mke wa kwanza, Mastura, hakucheka. Alikuwa ameishi na Yahya miaka ishirini na sita katika nyumba ya karibu na soko, na kupimwa kwa futi kulianza mitano ya mwisho, tangu Yahya alipomwoa Mwanaasha, msichana wa watu wa Mtama, akampangia chumba mtaa wa pili. Zamu zilikuwa siku mbili huku, siku mbili kule. Chakula cha jioni, hata hivyo, Yahya alikula nyumba zote mbili kila siku, asije mmoja akasema mapishi ya mkono wake yamechujuka. Akitoka kuswali magharibi alikula kwa Mastura, akitoka isha alikula kwa Mwanaasha, kisha akaenda kulala kwa mwenye zamu.

Wake wenyewe hawakugombana. Wangegombana ingekuwa afadhali, angalau wangezungumza. Mwanaasha akikutana na Mastura kisimani alisema, "Shikamoo, dada," Mastura akajibu, "Marahaba," na hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha mpaka wiki ijayo.

Usingizi wa Yahya ulikatika mwaka aliofariki Maftaha. Huyu alikuwa binti yake wa pekee, aliyezaa na Mastura. Aliolewa Tingi, na huko Tingi akafa kwa uzazi, yeye na mtoto wake. Mastura alilia mpaka sauti ikamkauka. Yahya hakulia. Alipasua mwenyewe mbao za kufunikia mwanandani wa kaburi lake, akazipiga randa pande zote mbili ingawa hapakuwa na wa kuziona, na tangu siku hiyo hakulala.

Miaka miwili ilikwenda hivyo. Majirani walizoea kusikia randa yake saa ambazo hata jogoo bado hajafikiria kuwika. Wakamtania pia, maana Kivinje hakuna msiba usiotaniwa: fundi aliyeitengenezea vitanda nusu ya mji, na Wazungu wa mashamba ya karanga kule Nachingwea, kitanda chake mwenyewe hakijui. Yahya alicheka kama kawaida yake. Lakini macho yalikuwa yamezama, na mikono ilianza kutetemeka juu ya patasi.

Mastura ndiye aliyemshika mkono akampeleka dispensari. Ulikuwa mwaka ule picha ya Malkia mpya ilipobandikwa kila ofisi ya serikali, na pale dispensari ilibandikwa juu ya kabati la dawa. Daktari aliyekuja kutoka Lindi kila baada ya miezi miwili alimpima Yahya kifua na macho, akaandika. Dresa Klementi akahesabu vidonge sitini, vidogo, vyeupe, akavitia katika chupa. Klementi alikuwa Mkristo wa Rondo, mtu wa sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kueleza jambo moja mara tatu, tabia iliyowachosha wagonjwa wote.

"Kimoja tu, fundi, unapokwenda kulala. Usipolala kwa kimoja, usiongeze. Njoo uniambie."

"Nimesikia, bwana dresa."

"Ukiamka kichwa kizito, usishike msumeno mpaka kiwe chepesi. Na ukibanwa na kifua, usimeze kwanza, njoo hapa. Dawa hii inalegeza mpaka pumzi."

"Na mke wangu? Naye halali vizuri," Yahya aliuliza, akimtazama Mastura.

"Hapana. Hii ni yako. Yeye akitaka atakuja apimwe yeye." Klementi aliinua kidole. "Na jambo kubwa ni hili. Inasahaulisha. Mtu anameza, baada ya kitambo anaamini hajameza, anameza tena. Kwa hiyo chupa asishike mgonjwa. Ashike mtu mmoja. Mmoja tu, fundi, ndiye atoe na ndiye ahesabu."

Alilisema hilo mara tatu, kama ilivyokuwa tabia yake. Mastura alinyoosha mkono, akaipokea chupa, akaifunga katika pindo la kanga. Njia nzima aliishika kwa nje ya kitambaa. Alifurahi, na furaha yenyewe aliionea haya: kwa mara ya kwanza katika miaka mitano kulikuwa na kitu cha Yahya kilichokabidhiwa kwake peke yake.

Furaha ilidumu mpaka mlango wa karakana. Yahya aliiomba chupa, akavimwaga vidonge juu ya ubao safi wa mvule, akaanza kuvigawa.

"Bwana, unafanya nini?"

"Thelathini vyako, thelathini vya mwenzako. Kila mtu atanipa siku ya zamu yake."

"Si umemsikia dresa? Amesema mtu mmoja."

"Klementi ana mke mmoja, Mama Maftaha. Atajuaje mambo haya?" Alitafuta chupa ya pili iliyokuwa na misumari midogo, akaipangusa. "Nikikuachia wewe, yule atasema usingizi wangu umo mkononi mwako. Nikimwachia yeye, utasema wewe. Unataka nifufuliwe ubavu mmoja umeinama, kama mume aliyependelea mke mmoja?"

Mastura akachukua thelathini vyake, akaenda kupika.

Dawa ilifanya kazi. Usiku wa pili, ilipoanza zamu ya Mastura, Yahya alilala kwake toka isha mpaka alfajiri, na Mastura alikaa macho kumsikiliza akikoroma, akaona hajapata kusikia kitu kizuri kama kile. Siku nane zilikwenda sawasawa. Tena nataka niseme wazi, mambo yangeendelea kama siku zile nane, nisingekuwa na la kusimulia, na Yahya angekuwa anatuchekesha mpaka leo.

Siku ya tisa, haikuwa zamu yake, Mastura alikuwa akimwangalia mumewe akinawa baada ya kula. Wazo likamjia. Yule msichana atakumbuka kumpa? Ana miaka ishirini na mbili, kichwa chake kiko kwenye wanja na marashi. Yahya atakesha kule, kesho mikono itatetemeka, na watu watasema bi mkubwa ameshindwa kumtunza mumewe. Akatoa kidonge kimoja, akampa na maji. Yahya akameza bila kuuliza, kama mtoto anayemwamini mama yake. Tangu jioni hiyo alimpa kila siku, zamu yake na isiyo yake.

Alijiambia anamchunga. Ukweli wenyewe aliujua, ingawa hakuutazama usoni: alitaka Yahya alale kwa mkono wake hata akilala kwa mwingine.

Wiki ya pili Yahya alianza kubadilika. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yakimtoka nusunusu. Alitembea akijishikiza ukutani. Alijikata kidole kwa patasi, akabaki anakitazama kinavyovuja damu kama ni kidole cha jirani. Msikitini alisujudu akapitiwa na usingizi palepale, na vijana waliokuwa safu ya nyuma wakanong'ona kwamba fundi siku hizi anakunywa tembo.

Mastura alipolisikia la tembo alikasirika. Yahya wake! Mtu aliyekataa hata togwa iliyolala! Akakaa akatafuta sababu, na sababu akaipata kwa haraka, kwa kuwa alikuwa ameiweka tayari kwa miaka mitano. Mume aliyekuwa na akili zake anakwenda nyumba ya pili, anarudi mzubavu, hajui jana wala leo. Hilo lina jina moja tu.

"Limbwata," alimwambia Kijakazi, mke wa shemeji yake Bakary. "Yule mtoto amemlisha limbwata. Watu wa bara wale, mizizi wanaijua."

Kijakazi alishika mdomo. Kabla ya adhuhuri ya siku ya pili, mtaa mzima ulikuwa umeshika mdomo.

Kuna asubuhi moja Mastura alijifunga kanga akatoka kwenda kwa Klementi. Alifika mpaka kwenye ngazi za dispensari. Kisha akajiuliza atasema nini: kwamba mke mwenzie amemroga mume? Mambo ya limbwata hayapelekwi kwa dresa Mkristo. Akageuka, akarudi nyumbani. Ngazi zenyewe zilikuwa tatu, na baadaye kila alipofumba macho alijiona anazipanda.

Siku ya ishirini Yahya alikuwa na mafua na kifua kimembana. Alikula kidogo kwa Mastura, akapewa kidonge chake, akaaga. Zamu ilikuwa ya Mwanaasha.

Kesho yake hakuamka kwenda kuswali alfajiri. Mwanaasha alipoona mumewe bado amelala, alifurahi. Alikwenda kuwaomba majirani wasitwange karibu na dirisha lake. "Fundi amelala," aliwaambia, akiweka kidole mdomoni, "niachieni alale." Watwangaji wakahamia ua wa tatu. Mpaka jua liko utosini ndipo alipoingia kumwamsha ale, akamgusa mguu, na mtaa ukasikia sauti yake.

Walimzika kabla ya magharibi. Mwenye chumba alichopanga Mwanaasha hakutaka eda ikaliwe kwake, basi Bakary, mdogo wa marehemu, akaamua wajane wote wawili wakalishwe nyumba ya Mastura. Miezi minne na siku kumi, wanawake wawili waliokuwa na maneno mawili tu baina yao, ndani ya chumba kimoja, wamevaa kaniki, kwenye mkeka mmoja.

Waliokuja kwenye matanga waliingia wakampa mkono Mastura, wakalia naye. Mwanaasha walimruka. Alipochota maji akawapa, waliyaweka chini bila kuyagusa. Alipowapakulia wanawake chakula, walisema wameshiba. Bakary naye, barazani, alisema kwa sauti ya kusikika ndani kwamba matanga yakiisha atalipeleka jambo hili kwenye baraza la Liwali, na ndugu wa Mtama waje wamtetee dada yao huko. Mwanaasha alisikia yote hayo. Alijikunja pembeni mwa mkeka, akazidi kuwa mdogo kila siku. Mastura alimwona, na hakusema neno. Aliamini aliyokuwa ameyasema. Alihitaji kuyaamini.

Siku ya tano Klementi alikuja kutoa pole. Alikaa nje ya pazia la chumba pamoja na Bakary, akasema maneno ya rambirambi, kisha akakohoa.

"Samahanini sana. Nimekuja pia kuchukua vidonge vilivyobaki. Si vitu vya kuwekwa nyumbani, mtoto anaweza kuviokota. Nani alikuwa anashika chupa?"

"Mimi," alijibu Mwanaasha haraka. Aliitoa chupa kwenye furushi lake la nguo, akampa Kijakazi, Kijakazi akaipitisha chini ya pazia. Walimsikia Klementi akihesabu kwa sauti yake ya chini.

"Viko kumi na viwili," alisema. "Nilitoa sitini. Fundi alimeza siku ishirini. Vingine viko wapi?"

Mastura aliihisi chupa yake kwenye pindo, inamchoma kiunoni. Mwanaasha alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alijua. Siku ya kugawiwa alielezwa na Yahya mwenyewe kwamba wamepata thelathini kwa thelathini. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na neno hilo lingemwokoa.

"Sijui," alisema Mwanaasha.

"Hujui?" Bakary alifoka nje ya pazia. "Vidonge vya ndugu yangu ishirini na vinane vimepotea, na hujui?"

"Sijui, shemeji."

Mastura alikuwa na pumzi ya kutosha kunyamaza tena. Aliipima. Jina lake lingebaki safi, na yule msichana tayari alikuwa ametupwa na watu wote, angeongezewa nini zaidi? Halafu akamwona Mwanaasha anavyoyakumbatia magoti yake kwa mikono miwili, akamwona anavyomficha mtu ambaye hakumfanyia lolote ila kujibu marahaba. Akafungua pindo.

"Hii hapa nyingine," alisema. "Nilikuwa nayo mimi."

Klementi alihesabu. "Kumi na vinne. Na vile kumi na viwili, ishirini na sita." Akavihesabu tena. "Vilitakiwa vibaki arobaini."

"Maana yake nini?" aliuliza Bakary.

"Maana yake alikuwa anapewa huku na huku." Klementi alisema taratibu, na safari hii alisema mara moja tu. "Dawa hii haitoki mwilini upesi. Ya jana inaikuta ya leo. Mtu anakuwa kama mlevi, anayumba, anasahau. Na juu yake kifua kile mlichoniambia. Mimi nilisema ashike mtu mmoja. Sikuuliza bwana ana nyumba ngapi. Laiti ningeuliza."

"Kwa hiyo si limbwata?" Kijakazi alidakia.

"Mama, mimi limbwata silijui. Ninayoyajua ni haya."

Alipoaga, Bakary alimsindikiza. Chumbani walikuwamo wanawake saba au wanane. Mastura alisimama, jambo ambalo mjane wa siku tano halifanyi mbele za watu.

"Mmesikia wenyewe. Kila siku isiyokuwa yangu nilimpa, na niliambiwa atoe mtu mmoja tu. La limbwata nililitunga mimi, nikampa Kijakazi, naye akawapa ninyi. Kama kuna mtu wa kumwekea maji chini, anzeni na mimi. Na shemeji akitaka kwenda kwa Liwali, nitamwonyesha njia."

Mmoja alikumbuka ameacha chungu jikoni, mwingine akamkumbuka mtoto, na kwa muda mfupi chumba kilikuwa kitupu. Kijakazi ndiye aliyetoka wa mwisho, amejifunika kanga mpaka puani.

Wajane walibaki kwenye mkeka. Nje watu waliendelea na soko lao.

"Kwa nini ulisema hujui?" Mastura aliuliza hatimaye.

"Wewe ni mkubwa wangu."

"Hiyo si sababu."

Mwanaasha alifuta pua kwa kaniki. "Alikuwa akija kwangu baada ya isha, anasema hukumpa. Hata siku za zamu yako alisema, nipe wewe, Mama Maftaha anasahau siku hizi, usimwambie ataona haya. Nami nilifurahi kwamba umesahau, dada. Nilifurahi. Nikawa nampa kila siku."

Mastura alifumba macho.

"Na siku ile nilimpa vitatu," Mwanaasha aliendelea, na sasa alikuwa akilia wazi, bila kujificha. "Cha kwanza baada ya chakula. Akalala, akazinduka, akasema hajapewa, nikampa cha pili. Akazinduka tena. Hakunijua. Aliniita Mama Maftaha. Alisema, Mama Maftaha, nipe dawa nipumzike. Nikamwambia, mimi Mwanaasha. Akaita tena jina lako, na tena, kwa upole, kama vile mko wawili tu duniani. Nilikuwa nimekwisha kumpa, dada. Nilijua nimempa. Nikampa cha tatu ili aache kukuita."

Mastura alitafuta ndani yake hasira ya miaka mitano, ile aliyoilea kama mtoto, asiione. Alichokiona ni Yahya, amelala chali mtaa wa pili, anamwita, na yeye kwenye kitanda chake mwenyewe, macho makavu, anajisifu kwamba amemlaza.

"Baada ya hapo alisema nini?"

"Hakusema. Alinishika mkono tu, akiamini ni wako. Aliushika mpaka usingizi ukamchukua, na mimi sikuutoa."

"Mkono upi?"

Mwanaasha alimtazama bila kuelewa. Kisha akaunyoosha wa kulia.

Mastura aliuchukua kwa mikono yake miwili. Aliugeuza, akautazama kiganjani, akaupeleka usoni kwake akauweka shavuni, akalia kwa sauti ile ambayo aliidhani ilikwisha yote Tingi. Mwanaasha hakuutoa.